Lambo la burudani: ubichi pembeni ya bomba na shimo mgongoni mwa tuta, nianzie wapi?

Kasia
Wakuu, habari zenu. Nina lambo la udongo la kuogelea, kuvua na kupiga kasia. Eneo la maji ni kama hekta 1. Tuta lina kimo cha mita 5, urefu mita 90, na mgongo wenye upana wa mita 2.5. Limepita miaka 30. Bomba la kutolea maji ni la bati lenye mikunjo, kipenyo sentimita 45, linapita chini ya tuta.

Hali ilivyo: upande wa nje, hatua mbili tu kutoka mdomo wa bomba, kuna ubichi wa kama mita 3 kwa 3. Majani yake hayanyauki hata kiangazi, na maji yanachuruzika. Juu mgongoni, usawa wa bomba, pametitia shimo la upana wa beseni, kina sentimita 40. Kwenye utoro (njia ya kumwagia maji yanapozidi) nimesimamisha mbao za sentimita 30 ili maji yaongezeke, na wavu wa kuzuia samaki. Mteremko wa nje una miti minne, mmoja unene wake ni kama paja.

Nizibe kwa saruji pale panapovuja? Au nifungue maji yote lambo likauke?

Mshindilia
Mkuu, yote mawili hapana.

Ukiziba maji pale yanapotokea, hayarudi ziwani. Presha inapanda ndani ya tuta, kisha yanatokea kwingine ambako huenda usikuone. Kila tuta la udongo hupitisha maji kidogo, na hilo halina ubaya. Ubaya unaanza maji yanapotoka na udongo. Chembe huanza kung'oka upande wa nje, kitundu kinajichimba kurudi nyuma kuelekea majini, na kikishafika ziwani tuta linaweza kukatika ndani ya saa chache. Kwa hiyo maji yaachie yatoke, ila uushike udongo.

Kwako kuna jambo baya zaidi: ubichi na shimo viko kwenye mstari mmoja na bomba. Chini ya mbavu za bomba mashine ya kushindilia haifiki, udongo hubaki legelege tangu siku ya kwanza. Juu yake bati huoza, na mara nyingi huanzia sakafuni. Maungio yakiachia, udongo unaingia bombani na kuondoka na maji. Beseni hilo la mgongoni ni paa la shimo lililo chini yake. Usisimame juu yake, na gari lisipite.

Leo hii: toa mbao za utoro na wavu. Wavu hunasa majani, utoro unaziba, na mvua kubwa inapanda juu ya tuta. Hizo sentimita 30 umezitoa kwenye nafasi ya akiba kati ya maji na mgongo, nafasi ambayo kwa lambo la kimo hiki singependa ipungue chini ya mita 1. Funga kuogelea mpaka mambo yaeleweke.

Kisha shusha maji polepole, sentimita 30 kwa siku, isizidi. Ukiyatoa kwa pupa, udongo wa upande wa ndani unabaki umejaa maji huku ziwa lililokuwa likiuegemeza limeondoka, na mteremko unateleza.

Jembe Moja
Shimo la juu mwaga zege tu, ndugu. Likikauka umemaliza.

Mshindilia
Zege halibonyei. Litakaa kama daraja juu ya uwazi, uwazi utazidi kupanuka chini yake, na wewe hutaona dalili yoyote hadi siku ya mwisho. Afadhali shimo linaloonekana. Lifunike turubai mvua isiingie, pigilia vigingi pembeni na upime kila asubuhi kama linapanuka.

Kipimo
Nakubaliana na Mshindilia, naongeza vipimo, maana "yanachuruzika" hakumsaidii mtu.

Chimba mfereji mdogo ukusanye maji ya ubichi yapite mahali pamoja. Weka kibao chenye mkato wa pembe ya nyuzi 90, umbo la V, maji yadondoke kwa uhuru upande wa chini. Pima kimo cha maji juu ya ncha ya V, lakini hatua moja nyuma ya kibao, upande yanakotoka maji, kwa sababu karibu na mkato maji yameshainama. Sentimita 5 ni takriban lita 0.8 kwa sekunde. Sentimita 10 ni lita 4.4. Kimo kimezidi mara mbili, maji yamezidi zaidi ya mara tano; usidharau sentimita moja.

Andika kila siku mambo matatu: kipimo hicho, kina cha ziwa, na mvua. Maji yakiongezeka kwa sababu ziwa limepanda, ni kawaida. Yakiongezeka ziwa likiwa pale pale, ni hatari.

Chota pia kwenye chupa nyeupe ya kioo, isimame saa 24 bila kutikiswa, utazame kitakoni kuna nini.

Kuhusu kushusha maji: bomba la zamani usilitegemee, na usilazimishe vali iliyoganda, ikivunjika ikiwa wazi huna la kufanya. Tumia bomba la kunyonya (sifoni, maji yanajivuta yenyewe bila pampu) linalopita juu ya tuta. Hekta 1 kwa sentimita 30 ni mita za ujazo 3,000, yaani lita 35 kwa sekunde mchana na usiku. Bomba la milimita 150 likienda mita 2 kwa sekunde linatosha. Weka vali ncha zote mbili, jaza maji kutoka juu hadi hewa iishe, ziba tundu la kujazia, kisha fungua zote. Maungio yasivute hewa hata kidogo. Mdomo wa kutolea upeleke mbali na mguu wa tuta.

Mzizi
Miti: huo wa paja usiukate sasa. Mzizi uliokufa huoza na kuacha mfereji ndani ya tuta. Miche isiyozidi sentimita 10 kata usawa wa ardhi. Mikubwa ing'olewe na visiki vyake maji yakiwa chini, mashimo yajazwe udongo wa aina ile ile kwa matabaka ya sentimita 15 yaliyoshindiliwa.

Na walio bonde la chini wajulishwe leo. Bwawa la Kelly Barnes huko Georgia, Marekani, nalo lilikuwa la udongo, la chuo binafsi, la burudani. Lilikatika usiku wa Novemba 6, 1977 na watu 39 walikufa. Picha ya 1973 ilionesha mteremko wake wa nje ulishawahi kuteleza.

Kasia
Mbao na wavu nimetoa. Kipimo cha V ni sentimita 5. Chupa ina vumbi la kahawia kitakoni, unene wa kucha. Nikiingiza bomba la plastiki ndani ya hili la bati, nitakuwa nimemaliza?

Mshindilia
Kucha hiyo ndiyo jibu: udongo unaondoka. Mwite mhandisi wa mabwawa, na usingoje maji yaishe kushuka.

Wakati unamsubiri, funika ubichi kwa chujio: mchanga safi wa zege sentimita 30, juu yake kokoto ndogo, kisha kokoto kubwa za kukandamiza. Ukianza na kokoto kubwa, udongo utapita katikati yake kama unga kwenye kapu.

Bomba la plastiki linatibu ndani tu. Uwazi ulio nje ya bati unabaki. Ukienda njia hiyo, pengo kati ya mabomba mawili lijazwe rojo la saruji, na upande wa nje wa tuta bomba lizungushiwe ukuta wa mchanga wenye unene wa sentimita 90, utanuke mara tatu ya kipenyo, kwako kama mita 1.35 juu na kila ubavu, wenye mfereji wa kutoa maji yake. Kwa shimo ulilonalo, mimi ningepasua tuta, ningeng'oa bomba lote na kujenga upya sehemu hiyo.

Kasia
Kushusha mita 2 ni siku 7?

Kipimo
Ndiyo, 7. Mvua ikinyesha, hesabu inaanza upya.