Prosesa ipi ya laptopu kwa gemu za 4K na kadi ya grafiki ya nje?

skrini2160
Habari wakuu. Natafuta laptopu ya kuunganisha na RTX 4070 ya GB 12 iliyo ndani ya boksi la nje. Skrini ni ya mezani, 3840 × 2160, hezi 60. Zimebaki tatu: Core i7-1165G7 na Core i5-1340P, zote na poti ya Thunderbolt 4, halafu Ryzen 7 7840HS yenye poti ya USB4. Ya kwanza ndiyo bei nafuu. Kori zake 4 (vitengo vya kuchakata) zitaibana kadi?

njia_nne
Mkuu, angalia waya kwanza. Thunderbolt 4 ni gigabiti (Gb) 40 kwa sekunde, lakini fungu la PCIe humo (mfumo wa kupitisha data kati ya prosesa na kadi) ni Gb 32, sawa na njia 4 za PCIe 3.0. Kadi hiyohiyo kwenye kompyuta ya mezani hupata njia 16 za PCIe 4.0, mara 8 ya hapo. Kila fremu, yaani picha moja ya gemu, ina mzigo wake wa kupita, kwa hiyo anayetaka fremu 144 kwenye 1080p anaumia kuliko wewe unayetaka 60 kwenye 4K. Hata prosesa inapumua: fremu 60 zinaipa milisekunde 16.7 kwa kila moja, 144 zinaiachia 6.9.

Kwa hesabu hiyo 1165G7 itacheza, ila kwenye gemu za miji mikubwa yenye watu wengi utaona wastani mzuri huku picha inakwama kila ukikata kona. Chukua 1340P, kori 4 kubwa na 8 ndogo. RAM iwe vipande viwili vya GB 8 au zaidi. Kipande kimoja kinaipunguzia prosesa kasi ya kusoma data.

Na usirudishe picha kwenye kioo cha laptopu. Fremu moja ya 4K ni karibu MB 33. Mara 60 ni GB 2 kila sekunde zinazorudi kwenye waya uleule. Chomeka skrini kwenye kadi yenyewe, bonyeza Windows na P, chagua skrini ya pili pekee.

wati54
Nakubali yote isipokuwa chaguo. 7840HS ina kori 8 zinazolingana na inaruhusiwa wati 35 hadi 54. 1340P msingi wake ni wati 28, na kwenye laptopu nyembamba joto huishusha. Tatizo la Ryzen ni USB4: kupitisha PCIe ni hiari ya mtengenezaji, kwa hiyo hakikisha kwa modeli kamili, usiridhike na alama iliyo kwenye poti.

Ikiwa laptopu ina sloti ya pili ya M.2 ya NVMe (ya diski ya SSD) yenye njia 4 za PCIe 4.0, weka adapta ya OCuLink, inayotoa PCIe nje kwa kebo bila kupitia Thunderbolt. Unapata Gb 64, mara mbili. Sharti lake: zima laptopu kabisa kabla ya kuchomeka au kuchomoa. Kebo ikiwa ndefu au hafifu, mawasiliano hujaa makosa na gemu hujifunga. Kwenye BIOS (mipangilio ya kabla ya Windows kuwaka) shusha sloti hadi Gen 3, yaani PCIe 3.0, uone kama inatulia.

skrini2160
Asanteni. Nikishaunganisha, nitajuaje kinachobana ni prosesa au waya?

njia_nne
Fungua GPU-Z, programu ya kusoma hali ya kadi, wakati gemu inaendelea, maana kadi ikipumzika husoma chini. Unatakiwa kuona x4, yaani njia 4. Kisha soma matumizi ya kadi. Yakiwa 95% kwenda juu, prosesa inatosha, acha kuhangaika. Yakiwa 65%, shusha hadi 1080p: fremu zisipoongezeka, kikwazo ni prosesa au waya. Tazama megahezi za prosesa. Zikiporomoka baada ya dakika kumi, ni joto au wati. Zikikaa palepale, punguza idadi ya watu na umbali wa kuona kwenye gemu. Fremu zikipanda, prosesa ndiyo ilikuwa imelemewa.

Kuna mtego mmoja unaofanana na prosesa mbovu: GB 12 za kumbukumbu ya kadi zikijaa, tekscha (picha za nyuso za vitu vya gemu) za ziada huhamia RAM ya laptopu na kupita kwenye waya mwembamba. Fremu zinaanguka ghafla. Shusha ubora wa tekscha ngazi moja kabla ya kulaumu kitu kingine.

wati54
Nyongeza: usitegemee boksi kuichaji laptopu ya 7840HS. Nyingi hutoa wati 60 hadi 100, na zikipungua prosesa inajibana yenyewe au betri inaliwa taratibu. Chomeka chaja yake.

Kebo ya Thunderbolt tumia iliyokuja na boksi. Ndefu ya bei rahisi inaweza kushuka hadi Gb 20 bila onyo lolote.