Tupeane uzoefu: paa la gari la mtumba, Malindi

Kaka wa Barani: Leo nimeona mkokoteni ukipita sokoni umebeba paa zima la gari, nguzo juu kama meza iliyopinduliwa. Roho ikaniuma, maanake Probox yangu ingali kwa fundi yangoja la kwake. Nani amewahi kutafuta paa? Si bampa, si taa. Paa.

Mama Watatu: Usinikumbushe.

Forester ya Gongoni: Wacha niwamwagie. Forester yangu, modeli ya SG5, iliangukiwa na kole zima la nazi, upepo wa kusi. Paa likabonyea mpaka silingi ikanigusa kichwa. Na huku kwenye chumvi kutu ilishaanza kingoni, fundi akakataa kunyoosha: "Bati limekwisha, nikigonga latoboka." Nikapigia muuzaji wa spea Mombasa, nikamweleza wazi: SG5, lisilo na sanrufu, lile dirisha la juu. "Lipo bosi, tuma pesa." Paa likaja na tundu la sanrufu! Kumpigia, ati "hiyo ni faida, umeongezewa." Faida gani? Kioo hakuna, mota hakuna, vipira vya kutolea maji pembeni hakuna. Na fundi kashakata la zamani, kioo cha mbele kimetolewa, silingi imeegemea kabati sebuleni. Usiku huo mvua. Ukifunika turubai gari lisilo na paa, maji yanajikusanya katikati, turubai yalegea, kisha yanamwagika yote vitini. Nililala mle ndani na fagio nikisukuma turubai juu kila likijaa. Mke wangu akaja na mwamvuli, nikadhani wa kunifunika. Kaja kunicheka.

Mama Watatu: Huyo mke nampenda.

Fundi Bodi Maweni: Fundi anayekata la zamani kabla la mtumba halijafika na kupimwa, huyo mkamateni. Paa limeshikwa kwa nukta za welding kwenye mifereji ya pembeni, juu ya kioo cha mbele na nyuma kule. Likija lije na vipande vya nguzo, nizitoboe hizo nukta mwenyewe. Wauzaji wengi wanapitisha grainda palepale ukingoni, linafika halina pa kukalia kioo. Hilo ni la kuezekea banda la kuku. Na gari lenye mifuko ya hewa juu ya milango, toa waya wa betri kwanza, usubiri, ndipo uguse kitu.

Probox Daima: La banda la kuku ninalo, hahaha.

Mjuaji wa Casuarina: Mnajisumbua. Gesi, nyundo, puti ya kusawazisha, rangi. Kwisha.

Fundi Bodi Maweni: Gesi kwenye bati pana vile? Litajikunja lote.

Mjuaji wa Casuarina: Ami, langu lina miaka na halijavimba.

Fundi Bodi Maweni: Lilete niligonge kwa kidole tu.

Noah Mambrui: Langu liko chini ya daraja la Kilifi.

Mama Watatu: Ati?

Noah Mambrui: Paa la Noah yangu ya AZR60, tumelitoa Mombasa juu ya pikapu. Utingo kafunga kamba ya katani, asema nailoni yateleza. Kufika katikati ya daraja upepo ukaingia chini yake. Wallahi lilisimama wima kwanza! Kamba ikakatika, likazunguka, likavuka ukingo. Tukashuka mbio. Limetua kifudifudi majini, likakaa kidogo, likazama bila haraka. Kulikuwa na mvuvi kwenye dau. Akatutazama, akatutazama tena, akaendelea na nyavu zake.

Forester ya Gongoni: Upande wa Mnarani au wa mjini?

Noah Mambrui: Wataka kulizamia?

Mjuaji wa Casuarina: Lingefungwa tumbo juu lisingeruka.

Fundi Bodi Maweni: Tumbo juu ndiyo bakuli la upepo. Wewe kaa na puti yako.

Shangazi Spea: Na risiti mlikuwa nayo? Spea ya mtumba bila risiti, polisi akikusimamisha utajieleza wapi umeitoa.

Noah Mambrui: Samaki hawajauliza risiti.

Shangazi Spea: Haya. Noah na Voxy za AZR60 paa ni moja, msiuziwe bei mbili. ZRR70 ni kitu kingine. Na anayekuambia "Corolla ni Corolla" mkimbie: NZE121 ya saluni na Fielder zinafanana usoni, paa haziingiliani. Soma modeli kwenye kibati cha gari lako, umtumie picha.

Kaka wa Barani: Jamani, nimeuliza paa mmenipa samaki. Natafuta la Probox, modeli ya NCP51.

Probox Daima: La banda langu ni la NCP51.

Kaka wa Barani: Lina ukingo wa kioo?

Probox Daima: Mbele lina. Nyuma kuna kuku ameatamia, hataki nisogee. Ngoja usiku.