Kisigino cha mama: soli za kupimwa au za dukani?

BintiMabibo: Wakuu habarini. Mama yangu anauza mboga sokoni, anashinda amesimama, miezi sasa kisigino kinamtesa, asubuhi akishuka kitandani hatua za kwanza anashika ukuta, akitembeatembea kinaachia, jioni tena. Kaambiwa akapimwe mguu atengenezewe soli za kuweka ndani ya kiatu. Zinasaidia au hela inapotea tu? Na kutwa yuko na ndala.

FizioTegeta: Pole kwa mama dada. Kuuma hatua za kwanza asubuhi mara nyingi ni ule utando mgumu wa chini ya unyayo, umechoka pale unaposhikia kisigino. Kwa hilo usikimbilie za kupimwa, tafiti zilizolinganisha hazijaonyesha kwamba zinazidi sana za kununua tayari. Aanze na za dukani, na mazoezi asiache: aegemee ukuta, mguu unaouma uwe nyuma, goti limenyooka, kisigino kisinyanyuke, ahesabu hadi 30, arudie mara kadhaa kwa siku. Wengi wanapona ndani ya mwaka bila upasuaji. Ila ndala aache jamani, hata soli nzuri vipi utaiweka wapi kwenye ndala? Mtafutie raba ya kamba yenye kisigino kigumu.

Mzee wa Tandika: Mimi ninazo za kupimwa, miguu yangu bapa, goti lilikuwa linauma. Fundi kaniangalia kwanza ninavyotembea ndo akachukua umbo la mguu kwa plasta. Unazivaa saa moja mbili kwa siku unaongeza taratibu, na soli ya kiatu iliyokuwepo unaitoa, zikichubua unarudi zirekebishwe. MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, na hospitali ya CCBRT Msasani wana karakana za kutengeneza, na mafundi wanasomea TATCOT, chuo chao pale hospitali ya KCMC Moshi.

NesiUpanga: Mama amepima sukari? Mwenye kisukari mguu ukiingia ganzi hasikii hata kidonda, huyo habari za kubahatisha dukani hapana, anahitaji soli zinazotawanya uzito na mtu wa kumkagua nyayo.

BintiMabibo: Hajapima, nampeleka kituo cha afya wiki hii. Asanteni sana. Ila hizo za dukani naangalia nini, nyingine naona laini tupu?

FizioTegeta: Ikunje katikati kwa mkono, ikikunjika kama chapati iache. Inatakiwa ibishe kidogo, ishike uvungu wa unyayo, na kisigino kikae kwenye kibakuli chake. Aende na raba yake dukani ajaribu humohumo.