"Peke Yetu" ya Churchill, 1940: sisi wa huku tuisomeje?

Msomaji wa Upanga
Habari za jioni wanajukwaa. Wiki mbili zilizopita nilinunua kwa muuza vitabu vya mtumba, kando ya barabara pale Posta, juzuu ya pili ya kumbukumbu za vita za Winston Churchill, waziri mkuu wa Uingereza wakati wa vita vya pili vya dunia, iliyochapishwa mwaka 1949, jalada limechanika na kurasa zimegeuka rangi ya chai. Sehemu yake ya kwanza inahusu kuanguka kwa Ufaransa. Ya pili ameipa jina la neno moja tu, ambalo mimi ningelitafsiri "Peke Yetu". Hapo ndipo nilipokwama. Babu yangu mzaa mama alikuwa keya, yaani askari wa jeshi la Waingereza la King's African Rifles, akafika hadi Burma (Myanmar ya leo) katika vita ambavyo daima aliviita vita vya Hitla. Je, Uingereza ikisemwa ilisimama peke yake, mtu kama babu anahesabiwa wapi? Na kitabu hiki tukisome kama historia, au kama utetezi wa mtu aliyekuwa madarakani?

Mzee wa Ilala
Mwanangu, tumtendee haki kwanza. Ufaransa ilipotia saini mkataba wa kusitisha mapigano tarehe 22 Juni 1940, hapakubaki dola nyingine kubwa Ulaya iliyokuwa ikipigana na Ujerumani, na hofu ya kuvamiwa kisiwa chao ilikuwa ya kweli kabisa. Lakini huo ulikuwa upweke wa dola yenye makoloni. Julai hiyohiyo, ndege za Kijerumani zilipokuwa zikishambulia misafara ya meli karibu na Dover, pwani ya Uingereza, keya walikuwa wamezingirwa na Waitaliano katika ngome ya Moyale, mpakani mwa Kenya na Ethiopia. Hata angani kwao walikuwamo marubani wa Poland, na kikosi chao cha 303 kilipata sifa kubwa. Burma ya babu yako ilikuja baadaye. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw mwaka 1944. (Vijana, ile sanamu ya Askari pale Samora si ya vita hivi. Ilizinduliwa mwaka 1927 kwa ajili ya vita vya kwanza.)

Mpekua Nyaraka
Naomba kujibu swali la pili. Churchill aliruhusiwa kutumia nyaraka zake za serikali, ndiyo maana kurasa nyingi zimejaa maagizo na telegramu alizotuma yeye, majibu ya wenzake yakiwa machache. Isome kwa jicho kali ile kauli yake kwamba suala la kuendelea kupigana au kutoendelea halikupata kuingia katika ajenda ya baraza la vita. Kumbukumbu za vikao vya tarehe 26 hadi 28 Mei 1940 zilipofunguliwa, zilionyesha kwamba Waziri wa Mambo ya Nje, Lord Halifax, alitaka masharti ya amani yatafutwe kupitia Italia, na walibishana siku tatu. Katika ajenda huenda halikuandikwa, mezani lilikuwapo. Kuhusu kusomwa kwa siri za Enigma, mashine ya Wajerumani ya kuandika ujumbe kwa fumbo, hakugusia, kwa sababu ilibaki siri hadi miaka ya 1970.

Hata hivyo, soma ukurasa wa Uxbridge, kituo cha kuongozea ndege za kivita za Uingereza, tarehe 15 Septemba 1940. Ameketi katika chumba cha chini ya ardhi, akitazama taa za ubao wa ukutani zikiwaka moja baada ya nyingine mpaka vikosi vyote vya ndege vikawa vitani. Anamuuliza kamanda Keith Park akiba iliyobaki, naye anajibu kwamba hakuna. Siku hiyo aliambiwa kwamba ndege 183 za adui zimeangushwa. Katika kitabu hichohicho anakiri kwamba hesabu ya baada ya vita ni 56. Mtu wa kujitetea tu asingeiandika namba hiyo.

Msomaji wa Upanga
Shikamoo mzee, na asante ndugu Mpekua. Jana usiku nilimsomea mama ukurasa wa Uxbridge, nikiufasiri sentensi kwa sentensi. Aliuliza jambo moja tu: siku hiyo baba yake alikuwa wapi? Tulifungua sanduku tukatoa cheti chake cha kuachishwa jeshi. Aliandikishwa mwaka 1942. Septemba 1940 alikuwa bado kwao, akilima mtama.