Miezi 6 na nusu, uzito umesimama: naomba ushauri

Habari zenu wazazi wenzangu, na shikamooni wakubwa. Binti alizaliwa na kilo 3.1; miezi 5 kilo 6.6, miezi 6 kilo 6.7, juzi bado 6.7. Kwenye kadi ya kliniki mstari umelala. Hana homa wala kuhara. Anageuka, anakaa kwa kuegemezwa, anahamisha kijiko mkono kwa mkono.

Ananyonya kwanza, kisha uji vijiko 3 vya chakula, mara 2 kwa siku. Mwanzoni ulikuwa mwepesi mno (maji matupu yanayojaza tumbo!), sasa haudondoki kijikoni, nakoroga na karanga zilizosagwa laini.

Je, niongeze mlo wa tatu au kwanza mafuta? Na nimrudishe kliniki sasa, au nisubiri mwezi uishe?