Ford ya babu: niipake nyekundu ya harusi au niirudishe ilivyotoka kiwandani?

Mjukuu wa Korogwe

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Nimeachiwa gari la babu mzaa mama. Lilikuwa la meneja wa shamba la mkonge huku Korogwe. Babu alianza hapo kama utingo, akapanda mpaka udereva, na mashamba yalipotaifishwa mwaka 1967 aliuziwa kwa fedha kidogo kwa sababu lilikuwa halitembei tena. Tangu siku hiyo limekaa kwenye banda la nyuma pamoja na kuku. Babu ametangulia mbele za haki, na mwaka huu mama amenikabidhi mimi.

Ni Ford, jina lipo kwenye rejeta. Ni gari la wazi la safari, siti safu mbili, watu watano, juu lilikuwa na turubai ambalo zimebaki fito zake tu. Usukani uko kulia. Magurudumu yana spoki za mbao, pedali ziko tatu, na mbele kuna handeli ya kuwashia. Lote limepakwa rangi nyekundu ya mabati kwa brashi, mpaka kwenye spoki.

Sasa mjomba amepata mtu mwenye hoteli ufukweni, anataka kulikodi kwa maharusi. Sharti lake liwe jekundu la kung'aa, na rejeta na taa ziwe za shaba kama picha za zamani. Fundi rangi ameshanipa bei, na anataka aanze kwa kuchoma rangi yote ya zamani kwa moto. Moyo wangu unakataa, ila sina hoja ya kumwambia mjomba. Ni gari la mwaka gani? Lilitoka na rangi gani? Nianzie wapi?

Fundi wa Chumbageni

Mkuu, kabla ya yote, huo moto usiwashwe. Bati za gari hilo ni nyembamba na zimepigiliwa juu ya fremu ya mbao, kwa hiyo moto utapinda bati na kuunguza mbao kwa pamoja. Tena rangi za zamani nyingi zina madini ya risasi ndani yake, na moshi wake ni sumu kwa fundi na kwa kila aliye karibu.

Halafu nijibu haya, maana gari linajieleza lenyewe ukiliuliza vizuri:

Ganda la rejeta ni shaba au ni chuma? Weka sumaku.
Tangi la mafuta liko wapi?
Koili, zile za kutoa cheche za plagi, ziko ndani miguuni pa dereva, au upande wa injini?
Milango ya mbele inafunguka yote miwili?
Namba ya injini inasomeka? Iko ubavu wa kushoto wa bloku, juu kidogo ya pale bomba la maji linapoingilia. Safisha kwa mafuta ya taa na brashi ya meno. Usipige tindo wala msasa hapo.

Mjukuu wa Korogwe

Ahsante sana fundi. Nimeshinda bandani leo.

Sumaku imenasa, ganda la rejeta ni chuma. Tangi ni la mviringo, liko chini ya siti ya dereva, inabidi unyanyue mto wa siti ndipo uone kifuniko. Sanduku la koili liko ndani, koili nne za mbao zimo, mbili zimepasuka. Milango ya mbele inafunguka yote miwili. Namba imesomeka, inaanza na herufi C, kisha tarakimu sita.

Nyongeza: bibi anasema babu alikuwa akipanda mlima wa Lushoto kinyumenyume mafuta yakipungua. Nilidhani ni hadithi za wazee.

Mswahili wa Ontario

Kaka, bibi amesema kweli tupu. Gari hilo ni Ford Model T, na mafuta yake hayasukumwi na pampu, yanashuka yenyewe kutoka tangi hadi kabureta. Mlima ukiwa mkali na tangi likiwa karibu tupu, kabureta inakuwa juu kuliko mafuta, injini inazima. Dereva akigeuza akapanda kwa gia ya nyuma, tangi linakuwa juu. Gia yenyewe ya kurudi nyuma ni pedali ya kati.

Hiyo herufi C imenifurahisha kuliko unavyofikiri. Mimi naishi mwendo wa saa chache kutoka lilikozaliwa gari lenu. Ford ya Kanada ilianzishwa 1904 pale Walkerville, mji ambao leo ni sehemu ya Windsor, ng'ambo tu ya mto kutoka Detroit. Ndiyo iliyopewa haki ya kuuza magari katika makoloni ya Uingereza, ndiyo maana Tanganyika na Kenya zilipata Ford za Kanada zenye usukani wa kulia. Tangu 1913 injini zao zilipigwa namba inayoanza na C. Na milango ndiyo shahidi wa pili: gari la wazi la Marekani, upande wa dereva wa mbele hakuna mlango, kuna umbo la mlango lililokandamizwa kwenye bati tu. Wakanada walitengeneza mlango wa kweli pande zote, kwa sababu mwili huo huo ulitumika kwa usukani wa kushoto na wa kulia.

Mwaka sasa. Rejeta ya shaba iliisha na magari ya 1916, kwa hiyo lenu ni la baadaye. Tangi chini ya siti na koili ndani maana yake ni kabla ya modeli ya 1926, maana modeli hiyo gari la wazi lilihamishiwa tangi mbele ya kioo na koili zikaenda upande wa injini. Mko kati ya 1917 na 1925, na mkilinganisha namba ya C na orodha za Kanada mtapata mwaka kamili wa injini. Nasema wa injini kwa makusudi. Mashambani injini zilibadilishwa sana, na karatasi za zamani zilitumia namba ya injini kama namba ya gari zima. Ndiyo maana unaangalia na mwili.

Na hapa ndipo mjomba anapopata jibu. Kati ya 1914 na 1925 Ford T zilitoka nyeusi. Nyekundu ilikuwapo, lakini kwenye magari ya mwanzo kabisa, 1908 na 1909, kisha ikaja kijani iliyokolea, kisha bluu nzito inayokaribia weusi. Nyekundu na shaba juu ya gari lenu ni kulivika nguo ya gari jingine.

Dada Raskazoni

Naheshimu historia, lakini mimi ni mpambaji wa harusi na najua wateja. Nyekundu inaita pesa. Hakuna bibi harusi atakayeuliza mwaka. Na gari bila pesa litarudi kwa kuku.

Fundi wa Chumbageni

Dada yangu, hoja ya pesa ni ya kweli na simdharau mjomba. Lakini wewe mpambaji ndiye unajua zaidi yangu: shela jeupe linaonekana wapi vizuri, kwenye nyekundu au kwenye nyeusi? Tena rangi ya shaba ingebidi waitafutie rejeta nyingine na taa nyingine, na hiyo ni gharama kubwa kuliko injini.

Mjukuu, kabla hatujabishana, tafuta rangi ya kwanza kwa macho yako. Chagua sehemu ambazo brashi ya mabati haikufika vizuri: nyuma ya vishikio vya taa, chini ya siti, ukingo wa ndani wa mlango. Chukua msasa laini, lowesha maji, sugua duara la ukubwa wa sarafu, taratibu. Usisugue pakavu, kwa sababu ya vumbi la risasi. Ukifika kwenye bati, panua duara kidogo kidogo. Utaziona rangi zimejipanga kama pete za mti uliokatwa, ya nje ni ya mwisho, ya ndani kabisa ni ya kiwandani.

Seremala wa Pangani

Nawasalimu. Mimi niongelee mbao maana ndizo zinazosahaulika. Mbao iliyooza usiitupe hata ikiwa ni unga nusu. Ipige namba, ipige picha ikiwa bado mahali pake, ndiyo kiolezo chako. Kwa fremu tumia mninga mkavu: hautikisiki na hali ya hewa na mchwa hauupendi. Mvule nao ni mzuri.

Spoki gonga moja moja kwa nyundo ndogo. Iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa sauti nzito ya kufa. Watu humwagia maji gurudumu zima ili mbao ivimbe ikaze. Itakaza wiki mbili halafu itaoza ndani. Gurudumu lenye spoki iliyolegea halibebi mtu.

Fundi wa Chumbageni

Na injini usiilazimishe kwa handeli. Fungua plagi, mimina mafuta ya gia ya otomatiki yaliyochanganywa na asetoni nusu kwa nusu, acha wiki, ongeza. Beringi za krenki zilimiminwa kwa madini laini humo humo kwenye bloku na hakuna pampu ya oili, inarushwa tu, kwa hiyo fungua chini usafishe tope lote kabla ya kuwaza kuwasha.

Mjukuu wa Korogwe

Nimerudi na majibu, na mikono bado inatetemeka kidogo.

Nilisugua sehemu nne. Tatu ni kama mlivyosema: nyekundu ya mabati, chini yake kijivu kimoja chepesi, chini yake nyeusi, kisha bati. Nyeusi hiyo si ya kung'aa kama ya magari ya leo, ni nzito na imetulia, na imeshika bati utadhani imezaliwa nalo.

Ya nne ilikuwa mlango wa nyuma wa kushoto. Kati ya kijivu na nyeusi ukatokea mstari mweupe. Nikapanua. Ukapinda. Nikaendelea mpaka saa za magharibi, ikatokea namba 4 iliyoandikwa kwa mkono, urefu wa kiganja, na ncha ya chini mwandishi alivuta brashi ikatiririka kidogo.

Nikamleta bibi na kiti chake. Ameitazama kimya muda mrefu, kisha akasema, "Nne." Anasema shambani hakuna aliyeliita Ford. Lilikuwa Nne. Watoto walikuwa wakisikia mlio wanapiga kelele Nne inakuja, naye alijua aweke chai ya babu jikoni.

Sasa ushauri mwingine. Namba hii si ya kiwandani. Niifute niwe mkweli kwa Walkerville?

Mswahili wa Ontario

Usiifute kaka. Ford walitoa mamilioni ya nyeusi, lakini Nne ni moja. Sehemu nyingine zote piga nyeusi ya kawaida isiyo na chembe za kumetameta, bila vanishi ya juu na bila mistari ya mapambo, siti na turubai vyeusi pia. Huo mlango uache.

Fundi wa Chumbageni

Naunga mkono. Weka karatasi nyembamba juu, chora namba kwa penseli, pima umbali wake kutoka kingo zote, piga picha kwenye mwanga wa asubuhi. Kisha futa mlango kwa kitambaa laini, paka nta, basi. Usipake kitu kingine juu yake.

Dada Raskazoni

Mjukuu, nimebadili mawazo. Nitakuja kuliona. Nyeusi, shela jeupe, na hiyo namba nyeupe mlangoni, nitakupatia wateja mwenyewe.

Mjukuu wa Korogwe

Mjomba nimempigia nikiwa nimekaa na bibi, simu ikiwa kwenye spika. Alipomsikia bibi anasema Nne akanyamaza, kisha akaniuliza mninga ubao ni shilingi ngapi. Mwenye hoteli tutamjibu baadaye.

Seremala wa Pangani, uko tayari kuja wiki ijayo? Mbao zote nimeshazipiga namba, na kuku wamehamishwa.