Kamala Khan anaingia sinema: Dar, Mombasa au banda la mtaani?

BintiMakorora (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Ijumaa hii, tarehe 10 Novemba 2023, The Marvels inaanza kuoneshwa Marekani, na kumbi za Dar na Mombasa siku hizi hazichelewi. Kwa wengi wenu ni muvi nyingine ya Captain Marvel. Kwangu mimi ni siku Kamala Khan, yaani Ms. Marvel, shujaa wa komiki (vitabu vya katuni) za Marvel, anatua kwenye sinema kwa mara ya kwanza. Tamthilia yake ya vipande sita ilitoka 2022, sawa, lakini runinga ni runinga.

Kwa wasiomjua: ni binti wa miaka 16 wa Jersey City, Mwislamu, wazazi wametoka Pakistani. Alichomoza kwenye komiki mwaka 2013, akapewa kitabu chake Februari 2014. Mwandishi ni G. Willow Wilson, mchoraji Adrian Alphona. Mnapoanza kumsoma hapigani na mtu. Yuko dukani, ameinamia mkate wenye nyama ya nguruwe, anaunusa tu maana kula hawezi. Nikasema huyu wa kwetu. Vazi lake la kishujaa amelitengeneza kwa burkini! Kaka yake Aamir ibada haimpiti, kazi hana, na baba yao hamwachi apumue kwa hilo.

Sasa nipeni ushauri. Dar, Mlimani City, wikiendi ya kwanza? Nisubiri banda umiza hapa Tanga? Au nijifungie ndani na kopi ya flashi? Nauli sizungumzii, sote tunaijua.

Mzee_wa_Sani
Mwanangu, nimeangalia hiyo muvi yako ina urefu gani: dakika 105. Kutoka stendi ya Kange hapa hadi ya Mbezi, Dar, upitie Segera na Chalinze, ni kilomita kama 350. Mvua za vuli hizi, asubuhi nzima unaimaliza ndani ya basi, halafu urudi. Mji huu ulikuwa na sinema ya Majestic, mtu anakula chakula cha usiku kwake anakwenda sinema kwa miguu. Sisi tumekua na Ndumilakuwili na Lodi Lofa wa katuni za gazeti la Sani, hawakuwahi kuruka hewani hata siku moja na tuliwasubiri kila toleo. Kaa nyumbani.

FlashiNaMuvi
Navutia kwangu, nakiri, maana ndiyo biashara. Lakini dada usije kwangu wiki ya kwanza. Kopi ya mwanzo huwa ni ya mtu aliyerekodi ukumbini na simu: picha imepinda, kichwa cha jamaa wa mbele kinakula robo ya skrini, na likija neno zito kuna mtu anakohoa. Ukimwona stelingi wako hivyo mara ya kwanza, ndiyo basi, sura hiyo haikutoki. Subiri safi.

Kuhusu banda, ile yenye sauti ya mtafsiri itakuja. Kwa muvi za ngumi sina ubishi, mtafsiri akiwa mzuri anaipandisha. Hii nadhani ina maneno mengi ya nyumbani, mama na binti, na wale jamaa wakiona wanawake wawili wanabishana wanatunga yao.

Chogo_Mikanjuni
Mimi nasema usiende popote. Wamemharibu. Kwenye komiki ukungu wa Terrigen, ule unaoamsha nguvu zilizolala mwilini, unamfunika, anatoka anaweza kurefuka, kujikuza na kujikunja, ngumi inakuwa kubwa kama mlango wa gereji. Inachekesha na inatisha kwa pamoja. Kwenye tamthilia wakamvisha bangili ya bibi mzaa bibi yake, eti inatoa mwanga wa zambarau. Kila shujaa siku hizi anarusha mwanga! Mtoto anayehangaika na mwili wake kubadilika ndiyo ilikuwa hadithi yenyewe. Ukiondoa hilo umebaki na taa.

BintiMakorora
Chogo, kuhusu ngumi nakubaliana nawe nusu. Ila ulisoma mpaka kwa Sheikh Abdullah? Wazazi wamechoka na kutoroka kwake usiku, wanampeleka kwa sheikh akaonywe. Yeye anajiandaa kwa mawaidha ya saa nzima, na sisi wa madrasa tunayajua. Sheikh anamwambia kama anasisitiza kusaidia watu, basi afanye kwa ujasiri, ukweli na huruma, na atafute mwalimu. Hana habari ya mwanga wala ngumi. Mimi nataka kuona kama kitu hicho kimevuka kuingia sinema.

Na yule binti anayemcheza, Iman Vellani, ni mwendawazimu wa komiki kuliko wewe. Kazaliwa Karachi, kakulia Kanada, na Agosti hii ametoka na komiki ya Kamala aliyoiandika na Sabir Pirzada. Sikitiko ni kwamba mgomo wa waigizaji umemziba mdomo tangu Julai, hawezi hata kuinadi muvi yake.

Umm_Nassir
Dada yangu, nina wawili wa darasa la nne na la sita wanamtaka huyo Kamala kufa kupona. Kuna mambo ya kuficha macho humo? Maana mie nyumbani kwangu rimoti nashika mwenyewe.

KapteniRaskazone
Mbona mnazunguka Chalinze wakati Mombasa ipo hapo? Yakhe, mtu wa Tanga kwenda Dar kuangalia sinema ni mazoea tu. Angalia: gari la Horohoro asubuhi, mpaka unavuka upande wa Lunga Lunga, matatu hadi Likoni kwa njia ya Ukunda, feri kwa miguu hulipi, ukishavuka unatafuta gari la Nyali. Pale pana Nyali Cinemax. Njia ni fupi kuliko ya Dar kwa mbali.

Mawili ya kuangalia. Hati ya kusafiria iwe mkononi kabla, usiende kubembeleza mpakani. Na usichukue onyesho la usiku ukitegemea kurudi. La mchana, au uwe na ndugu wa kulala kwake. Nani Tanga hana shangazi Mombasa? "Waja leo, waondoka leo" waimbiwe wageni.

Mzee_wa_Sani
Sasa huyo amesema la maana. Barabara ya Pangani hadi Bagamoyo ikiisha nitawasikiliza watu wa Dar.

Chogo_Mikanjuni
Nasubiri mrejesho. Mwanga wa zambarau, nakwambia.

BintiMakorora
Mrejesho, wakuu. Niliambatana na binamu, tukalala Kisauni kwa shangazi, kama Kapteni alivyosema. Ambaye hajaona aruke aya inayofuata.

Kamala, Carol (ndiye Captain Marvel) na shujaa mwenzao Monica Rambeau wamefungamana: kila wakitumia nguvu kwa pamoja wanabadilishana mahali. Carol anatupwa sebuleni kwa kina Khan anapigana na majitu huku Kamala kaibukia anga za mbali, na mama yake anapiga kelele kama mama yeyote ambaye watu wasiojulikana wamemvunjia kabati. Hapo ukumbi wote ulicheka. Adui, Dar-Benn, ni mwepesi. Anakasirika tu, humjui. Na kuna paka wanaomeza watu ili kuwaokoa, Mzee usiulize. Kamala ndiye aliyeibeba. Akikutana na Carol anatetemeka kwa furaha, halafu anamwona shujaa wake akichagua watu wa kuacha nyuma, uso wake ukabadilika taratibu bila neno. Huyo ni yule wa kitabuni, Chogo, pamoja na taa zako.

Nasikia Marekani na Kanada imefungua kwa dola milioni 46 hivi, chini kuliko muvi zote za studio ya Marvel. Haya. Mimi ningerudi kesho.

Umm_Nassir: kiwango walichoipa ni PG-13, yaani mzazi awe macho kwa walio chini ya miaka 13, ni mapigano tu, la aibu sikuliona. Nassir na mdogo wake wangoje kopi safi kwa Flashi, wataipenda familia ile.

Mzee, juzuu la kwanza la komiki ya Kamala nitaliacha dukani kwa Flashi Jumamosi. Mgongo umeachia gundi, lifungue polepole, na ukikunja kona ya ukurasa tutaonana.